Mama Elkana Aliitwa Nani?

Nyanyake Dinah alinyang'anywa jina, na waliomnyang'anya ni wanawe. Tangu amzae Elkana, kila mtu alimwita Mama Elkana, hadi akazikwa hapa London. Kwa desturi yao, Dinah, mjukuu wa kwanza wa kike, ndiye aliyestahili kurithi jina lake la usichana. Akapewa la kwenye Biblia. Sasa alitaka jina halisi la nyanyake lichongwe kwenye jiwe la kaburi.

Dinah hakusomeshwa, basi Lydia, binti wa kaka yake, alimsomea daftari la maziko katika kanisa moja la Peckham.

"Anti, wameandika Mama Elkana tu."

"Na sensa ya mwaka wa sabini na moja?"

"Majina ya sensa hufungwa kwa siri miaka mia."

"Miaka mia! Wanangoja na mimi nizikwe?"

Dinah hakutulia. Baba yake alikwisha fariki, hivyo alimpigia baba yake mkubwa, Mzee Elkana, kule Hayes, huku akizungukazunguka uani mwa kanisa.

"Baba mkubwa, nyanya aliitwa nani?"

"Mama Elkana."

"Na kabla hujazaliwa wewe?"

Mzee akakohoa. "Ngoja nikumbuke. Nitakupigia."

Miezi imepita, simu haijalia. Jiwe la kaburi limesimama bila maandishi, na Elkana bado anadaiwa jina la mama yake.