Kisima Nilichokikataa

Nilipowaambia watu wa nyumbani Galbet kwamba nimeanza shahada ya uzamili katika sera za umma, mama aliuliza kama nagombea udiwani. Nilicheka, kisha nikakasirika kidogo. Kwetu anayesomea udaktari anaeleweka, lakini anayesomea jinsi serikali inavyoamua mambo huonekana ana tamaa ya kiti.

Katika shule yetu ya sera, vijana wa shahada ya kwanza husoma mchana. Sisi wa uzamili, wengi wetu wafanyakazi wa ofisini, huingia darasani jioni tukiwa hoi. Muhula wa mwisho kila mmoja hupewa swali la kweli. Langu lilikuwa hili: je, kaunti ichimbe kisima cha mashine kwenye malisho ya upande wa Diff? Nikamwambia mhadhiri kwamba huko ndiko aliko adeer, ndugu wa baba, aliyenilea baba alipofariki. Akasema afadhali, nitaaminika.

Adeer alinipokea kwa maziwa ya ngamia na furaha tele. Kwetu, kabla familia haijahama, mtu mmoja hutangulia kuangalia mvua na nyasi. Huyo ndiye sahan, na akirudi husema alichokiona tu, hata kikiwa kibaya, maana watu na mifugo watafuata kauli yake. Adeer akanitania kwamba safari hii sahan ni mimi.

Nilizunguka na wachungaji, nikaona jambo lililoniuma. Nyasi zile zilikuwepo kwa sababu hapakuwa na maji ya kudumu. Watu huja na mvua, mabwawa yakikauka huondoka, na ardhi hupata kupumzika. Kisima kikichimbwa, hakuna atakayeondoka, na nyasi zitakwisha kabisa.

Mhadhiri alipokuja kunisikiliza, niliwaeleza wazee wa pale waliokusanyika, adeer akiwamo, hayo yote kwa Kisomali, halafu kwa Kiswahili. Nilipendekeza kisima kisichimbwe. Adeer alijibu kwa Kiswahili, makusudi, ili mgeni asikie.

"Mimi nilibeleka wewe shule, usiteseke na maji kama mama yako. Sasa umesoma sana, unaambia mimi niendelee kutembea."

Nilitaka kulia, na nilitaka pia kubishana naye.

"Adeer, hicho ndicho nilichokiona," nikasema.

"Hata mimi naona hiyo, wallahi," akasema. "Lakini hii miguu imechoka."

Niliwasilisha pendekezo langu bila kulibadilisha, nikafaulu vizuri. Bado naamini ni sahihi, na bado linaniuma. Mabwawa yalipokauka, wiki ile ile niliyokuwa nikijaribu joho la mahafali, adeer alihama kwa miguu, nyuma ya ngamia wake.