Lazima Ifuje Kwanza

Nani aliyekudanganya kwamba kazi ya mikono ni ya watu walioshindwa na shule? Kama ni mwalimu wako, alikosea. Kama ni baba yako, msamehe, lakini usimfuate. Njoo kwanza Hulugho, uketi chini na Muse Kulow. Mtu huyu hana cheti hata kimoja, lakini huchukua mizizi ya kichakani, akaipasua, akaisuka mpaka ikawa dhiil, chombo cha kubebea maziwa ya ngamia. Halafu urudi utuambie nani amesoma.

Muse aliugua polio akiwa na miaka minne. Wenzake walipoanza kufuata ngamia, yeye alibaki nyumbani kwa bibi yake, na mguu wake mwembamba. Kwa Wasomali kusuka vyombo ni kazi ya wanawake, lakini bibi hakujali.

"Mguu umekataa," alimwambia. "Na vidole je, navyo vimekataa?"

Akampa sindano. Tangu siku hiyo wanaume wa soko la mifugo wamemcheka, na sasa amefika miaka hamsini na minane.

"Muse, umezaa lini? Mbona mikono yako ni ya mama?"

"Nimezaa vyombo mia na sitini," huwajibu, "na hakuna hata kimoja kinachoniamsha kwa kilio."

Wanawake wenyewe waliacha kusuka. Mitungi ya plastiki ilijaa madukani, na wasichana wakaambiwa kwamba mizizi ni mambo ya kale. Ndipo miaka miwili iliyopita Muse akaomba chumba kitupu karibu na zahanati, akawakusanya wasichana kumi na wawili, akaanza kuwafundisha. Hakulipwa, wala hakuuliza. Alichotaka ni chumba tu, maana jua la Hulugho hukausha mizizi kabla hujamaliza duara moja, na mizizi iliyokauka mkononi hukatika.

Sasa chumba hicho kilitakiwa kiwe ghala la saruji. Afisa mmoja alitumwa kutoka Garissa aje aamue: darasa au saruji. Alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama shati lake jeupe, na hakupumua bila kuandika. Kabla ya adhuhuri wasichana walikuwa wameshambatiza Bwana Kalamu.

Mezani kulikuwa na dhiil ya msichana mmoja, Kowsar, ya kwanza aliyoikamilisha, imepinda kidogo shingoni. Afisa aliijaza maji, akasubiri. Tone likatokea chini. La pili. La tatu. Kowsar akavuta mtandio akaficha uso.

Muse akacheka. "Shida hakuna, bwana. Hii kitu ikiwa mpya, lazima ifuje kwanza."

"Lazima ifuje?"

"Ndio. Ifuje usiku moja. Hawa wasichana nawafundisha kabisa: musiogope, wacha ifuje."

Kalamu ilikimbia. Kisha afisa akasoma kwa sauti kavu: "'Mwalimu amekiri kwamba kazi hii inafuja, na kwamba wanafunzi hufundishwa wasiogope kufuja.' Ni hivyo?"

"Kweli kabisa, wallahi," alisema Muse, akachovya dole gumba kwenye wino, akatia sahihi kwa furaha.

Afisa alimwachia nakala, akaenda kupumzika nyumba ya wageni. Leyla, aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi na ndiye msomaji wa darasa, aliichukua ile karatasi. Akaisoma mara mbili.

"Adeer Muse! Ami yetu, umefanya nini? Umesema sisi ni wafujaji!"

"Sasa si inafuja? Angalia maji hapo chini."

"Hiyo ni kuvuja! Maji yakitoka ni kuvuja. Kufuja ni kuharibu mali ovyo. Sema vvv."

"Fff."

"Hapana, adeer. Vvv. Utetemeshe mdomo."

"Fff. Nimesema kama nyoka, unataka nini tena?"

"Siyo nyoka, ni nyuki!"

Wasichana walicheka, lakini Muse hakucheka tena. Kisomali hakina sauti hiyo. Maisha yake yote, maji yamefuja na mvua imefuja darini, na hakuna aliyelalamika. Sasa yeye, anayeokota hata mabaki ya mizizi sakafuni asukie vifuniko, ametia sahihi mwenyewe kwa dole gumba kwamba ni mharibifu. Na karatasi hiyo ingeondoka asubuhi pamoja na gari.

Alichukua mkongojo, Leyla akabeba dhiil, wakaenda. Ni mwendo mfupi, lakini mguu ule ulimlemea kama umefungwa jiwe.

Walimkuta afisa uani akinywa chai. Leyla akaeleza yote, haraka haraka, na kumalizia, "Anza upya, bwana. Penye F uweke V."

Afisa alimtazama Muse. "Mzee, hebu sema: maji yanavuja."

"Maji yanafuja," alisema Muse kwa unyenyekevu mkubwa.

Afisa akacheka mpaka chai ikampalia, ikabidi Leyla amgonge mgongoni kwa sahani. "Subhanallah! Nimemwita mzee wa watu mfujaji kwa kosa la midomo! Na sikumuuliza!" Akatoa karatasi ya kwanza, akaichana vipande vinne, kisha vinane. Muse aliketi kwenye ukingo wa ukuta bila kuombwa. Kifua kilimfunguka, akasema alhamdulillahi mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu.

"Lakini mzee," afisa alisema akijifuta macho, "neno nimelifuta, maji sijayafuta. Kesho ikiwa bado inavuja, nitaandika inavuja. Na kwa V."

"Iache hapa na maji yake," Muse alijibu. "Mizizi imekaushwa, ina kiu. Ikishiba inafura, inafunga mlango."

Aliporudi nyumbani mguu ulikuwa mwepesi. Alikula wali wote, akaomba wa ziada. Wasiwasi mmoja tu ulibaki: duara la saba, ambalo Kowsar alilifumua mara tatu. Akaupa jibu mwenyewe: aliyefumua mara tatu bila kulia ameshajua kukaza. Akalala.

Asubuhi alikuwa mlangoni pa darasa na wasichana wake wote alipomwona afisa anakuja, dhiil imejaa mikononi. Kowsar akajificha nyuma ya Leyla. Afisa hakutoa salamu. Aliinua chombo juu ya kichwa chake, juu kabisa ya lile shati, akasimama hivyo mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Hakuna tone lililoanguka.

"Chumba ni chenu," alisema. "Kowsar yuko wapi? Naomba nikipeleke chombo chake Garissa wakakione, kisha nitakirudisha mwenyewe."

Kowsar akachomoza nyuma ya Leyla, akaitikia kwa kichwa. Dereva akapiga honi. Muse alimtazama afisa akikiweka chombo kwenye kiti cha mbele, akakifunga mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha, kisha yeye mwenyewe akapanda nyuma, mafaili yote mapajani.