Sosi Nyekundu ya Minza

Jani la nyanya ukilifikicha, harufu yake hung'ang'ania vidoleni, na sisi watoto wa Lalago tulinuka hivyo masika yote. Nyanya zetu hazikupandwa na mtu. Zilijiotea pembeni mwa zizi, kwenye samadi, ndogo kama gololi. Kisha ukaja mwaka wa ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyokosa hata sabuni yakafurika, na chupa za sosi nyekundu ya nyanya zikapangwa mbele kabisa. Kizuri chajiuza, wanasema. Hata kibaya kikipakwa rangi hujiuza.

Mdogo wangu Minza, wa miaka mitano, alikuwa amepungukiwa damu, viganja vyeupe kama pamba. Mama alipomweleza mwenye duka, yule mtu asiye na haya akasema, "Mayu, mama yangu, unahangaika nini? Tazama rangi hii! Kijiko asubuhi, kijiko jioni, mtoto ataruka kama ndama." Mama hakuwahi kuingia darasani. Kwake yeye chekundu kilizaa chekundu. Akaacha pale mitetea wawili na kapu la maharage ambayo tungekula sisi, akarudi na chupa.

Nami nilijua! Juma lile lile mwalimu wetu wa darasa la nne alitukaririsha vyakula vya kuongeza damu: maharage, maini, majani ya kunde. Niliimba kwa sauti kuliko wote. Nyumbani nikafunga mdomo, kwa sababu kila Minza alipolishwa, kijiko nilikilamba mimi.

Siku Minza alipoanguka mlangoni, baba alimkimbiza hospitali kwa baiskeli, mama na mimi tukafuata kwa miguu. Daktari akaiona chupa mkononi mwa mama. "Mayu, hiki ni kiungo tu! Kwenu hata kunde hamna?" Mama akainama. Mimi nikatazama ukuta. Minza alipona kwa damu ya baba, lakini aibu ile mama alizikwa nayo, na sikumwambia kamwe kwamba nilijua.

Leo mjukuu wangu yuko kidato cha pili, Bariadi. Juzi nilimwambia anisomee maandishi ya chupa ya sosi. Sukari, chumvi, rangi; akanieleza na madhara yake, kama alivyojibu kwenye mtihani. Kisha akakamua sosi mpaka chipsi zikazama. "Bibi nawe! Si tamu?"

Wanasema watoto hawajui, wafundishwe. Uongo! Asiyejua alikuwa mama yangu. Mimi na huyu tulijua, tukafuata ulimi.