Mtu wa Kinyago cha Mbuzi, na Ungo wa Kahawa

Filamu mbaya niliyoipenda kuliko zote niliiangalia mara moja tu, Jumamosi moja mchana, sebuleni kwa bibi yangu kule Mbozi. Tangu hapo nimeangalia nyingi za kutisha, zenye waigizaji wazuri zaidi na damu inayofanana na damu. Hakuna iliyonikaa moyoni kama ile.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuchaguliwa kwenda cha tano, shule ya bweni, Tanga. Mama, aliyekuwa akiuza mchele Tunduma, alishasema kwamba neno la mwisho ni la bibi, maana ndiye aliyenilea. Na bibi alikuwa hajasema neno wiki nzima. Kila nikigusia habari ya Tanga, yeye anazungumzia mvua.

Ndipo binamu yangu akaja kutoka Tunduma na kompyuta yake, na ndani yake filamu aliyopewa na rafiki wa upande wa Zambia. Alisema ni ya vijana, inachekesha. Dakika tano tu nikajua nimekwisha. Wanafunzi wamebaki peke yao bwenini wakati wa likizo, na mtu aliyevaa kinyago cha mbuzi anawawinda kwa mundu. Bwenini, jamani. Ningeizima, lakini bibi alishavuta kigoda, kaweka ungo mapajani, anachambua kahawa.

"Mke mwenzangu, wanasemaje hao?" akaniuliza, kwa utani wake wa bibi na mjukuu.

Filamu ilikuwa ya Kiingereza, na bibi akiwa na jambo zito hutaka Kinyiha. Mtafsiri nikawa mimi, na nikaamua kutafsiri kwa faida yangu. Msichana wa kwanza alipokatwa shingo, nilimwambia bibi amezimia. Wa pili nilisema amelala, masomo yamemchosha. Mvulana aliyetumbukizwa kisimani nilisema amerudi kwao. Binamu yangu akatoka nje kwenda kuchekea huko.

Bibi yeye hakucheka. Alikuwa na maswali.

"Mbona wanaingia nyumba ya watu bila hodi?"

Kwetu hata ukikimbilia msaada unapiga hodi kwanza. Nikasema huko kwao ndivyo walivyo.

"Na mpishi wa shule yuko wapi? Mlinzi? Wamesikia mlio, halafu wanagawana, huyu huku, huyu kule. Kwa nini wanagawana?"

Nikasema labda wanamtafuta huyo mpishi. Muuaji anatembea taratibu kama anakwenda kanisani, ila wanaokimbia anawapata. Simu zote zinakosa mtandao kwa wakati mmoja. Muziki unakutangazia balaa mapema, kwa hiyo linapofika umeshafumba macho. Na mwishoni wakatueleza sababu ya mauaji yote yale: ugomvi wa zamani mdogo kiasi kwamba kijijini kwetu ungemalizwa kwa jogoo mmoja na maombi.

Lakini nitaisemea jambo moja filamu ile, na ninalisema kwa mapenzi. Msichana wa mwisho alijificha chini ya kitanda, ameziba mdomo kwa mikono miwili. Sisi, kama yeye, tukawa tunaona viatu tu. Muziki ulinyamaza. Viatu vikasimama, vikageuka, vikasimama tena. Nikasikia kahawa imeacha kugongana kwenye ungo. Nilipomtazama bibi, mikono yake ilikuwa imetulia juu ya punje, na mikono ile sijawahi kuiona imetulia mchana. Tukakaa hivyo mpaka viatu vikaondoka. Hapakuwa na cha kutafsiri.

Filamu ikaisha kwa mapambazuko ya huko bwenini, msichana yule akitembea peke yake kuelekea barabarani. Bibi akarudi kwenye kahawa yake.

"Huyu aliyebaki," akasema, "pale mwanzo alikuwa akisemasema nini, wenzake wakimcheka?"

"Alisema anaogopa."

"Na wenzake?"

"Walisema hawaogopi."

Akatupa punje mbovu pembeni, moja, halafu nyingine.

"Na wewe, hiyo Tanga, unaiogopa?"

Wiki nzima nilikuwa nikimwimbia kwamba siogopi chochote, nikidhani ndicho anachotaka kusikia. Nilikuwa sijawahi kulala mbali naye hata siku mbili. Nilijua nikisema ukweli nimeikosa shule. Lakini mikono yake ilikuwa imetulia tena, inasubiri, nikashindwa kuidanganya.

"Naiogopa, bibi. Naiogopa sana." Na machozi yakanitoka mbele ya binamu yangu, aliyekuwa amerudi mlangoni.

"Basi utakwenda," akasema bibi. "Nilikuwa nakungoja useme. Ungeniambia huogopi, ningekuweka hapa mwaka mwingine."

Akanituma nikavute tranka la bati lililokuwa chini ya kitanda chake, lile alimowekea kanga zake nzuri, tuanze kulitoa vumbi. Nilikuwa nimepiga magoti, mkono uko gizani natafuta kishikio, na nakiri nilifikiria viatu. Akaniita kutoka sebuleni.

"Wale watoto walikufa?"

"Walikufa, bibi."

"Wote?"

"Wote, isipokuwa yule."

"Nilijua. Mtu aliyelala hatokwi damu vile." Kahawa ikaanza kugongana tena. "Sasa ukinipigia simu kutoka huko Tanga, usinitafsirie."