Joka Mdogo Niliyemngoja Edani

Kitabu cha kwanza cha hadithi ya kijana mmoja na majoka alinisomea marehemu mume wangu. Kila baada ya alasiri alikaa kitini karibu na dirisha, mimi mkekani nikishona kofia. Kusoma najua, ila kwa kidole. Nilijifunza ukubwani, darasa la watu wazima, na nikifika mwisho wa mstari mwanzo wake nimeshausahau.

Mwaka ule tulikuwa tumemzika binti yetu, mtoto wetu wa pekee. Siku tuliyofika mwisho wa kitabu, mume wangu alinyamaza katikati ya ukurasa, akavua miwani, akaifuta.

"Soma, bwana. Unangoja nini?"

Akasoma: joka mdogo, aliyelelewa na yule kijana tangu yumo yaini, akaruka, akapita milima, akaenda zake.

"Atarudi?"

"Kipo cha pili," akasema.

Cha pili alikinunua, hakuwahi kukifungua. Nilikifungua mimi, nikiwa edani, miezi minne na siku kumi sitoki mlangoni. Watu wa msiba walishatawanyika. Aliyebaki kupanda ngazi ni jirani wa chini, mwanamke mwenzangu, na bakuli lake la uji.

"Bibi wee! Mtu yumo edani anasoma majoka?"

"Qurani nshasoma asubuhi. Weka bakuli, ushuke."

Hakushuka. Nikamhadithia habari ya joka mdogo, na tangu hapo kila akija, hata salamu hajatoa: "Karudi?"

Nilimtafuta joka yule kwa kidole, mstari kwa mstari, siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nikamkuta. Kijana alikuwa amekaa kando ya kaburi la joka, aking'oa magugu.

Nikadhani nimesoma vibaya. Nikarudia mara tatu. Nikafungua kabati, nikatoa kitabu cha kwanza, nikatafuta ukurasa wa mwisho. Joka mdogo alikufa mapajani mwa yule kijana. Hakuruka popote.

Miaka arobaini sikuwahi kumshika mume wangu na uongo. Nikageukia kitini nimgombeze, nimwulize alinidhani mtoto? Mdomo nilishaufungua. Nikaufunga. Nikakaa vile vile, vitabu viwili mapajani, mpaka nikasikia kandambili za jirani ngazini.

"Karudi?"

"Bado," nikamwambia. "Nnasoma polepole."