Honi Si Adhana

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi ikawa njia ya viumbe wake wote, mwenye gari na mwenye punda, mwenye viatu na asiye navyo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aliyetufunza kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani. Baada ya shukrani hiyo, mwanangu, niwie radhi, kwa kuwa haya nayaandika nikiwa na hasira, na hasira hii nimekaa nayo tangu ujana wangu.

Nakumbuka asubuhi moja, miaka ya themanini, mimi na Ami Bakari, ndugu mdogo wa baba yangu, tulitoka Mtopanga kwa baiskeli kwenda sokoni Kongowea. Yeye alikuwa akiuza madafu. Aliyafunga kwenye keria yakaning'inia pande zote mbili, hata ukimwona kwa nyuma humwoni mtu, waona madafu yanatembea. Mimi nilimfuata nikienda kibaruani.

Barabara ile ilikuwa nyembamba, na lami yake imemegeka kando. Ukitoka, washukia kwenye mawe na vigae vya chupa. Wenye magari walikuwa na desturi yao: hawakupunguza mwendo, walipiga honi tu, nasi wa baiskeli tukatoka. Wauza samaki, wauza mikate, walimu wa madrasa na misahafu yao kifuani, wote tulirukia changaraweni kama kuku. Wengine wetu, Mungu atusamehe, hata tulimwinulia dereva mkono kumtaka radhi. Kwa lipi, sijui mpaka leo.

Ami alikuwa hatoki. Alishika pembeni, hamzibii mtu, lakini mawe hayashukii. Nilimwambia mara nyingi, "Ami, toka, hawa watakuua." Naye hunijibu bila kugeuza shingo, "Adhana ndiyo nikiisikia huacha nilichoshika. Honi si adhana."

Asubuhi ile honi ililia nyuma yetu. Mimi nikaruka. Ami hakutoka, na pikapu iliyojaa vitunguu haikupunguza mwendo. Ikamkumba ubavuni. Madafu yakatawanyika barabara nzima, na ami akawa amelala juu ya mawe, mguu umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

Dereva alisimama, hiyo ni haki yake, sitamnyima. Alikuwa Athmani wa Junda, kijana tuliyekuwa tukisimama naye safu moja kila Ijumaa. Alishuka amejishika kichwa, na neno lake la kwanza likawa, "Kadari ya Mungu hii." Watu waliokusanyika wakaitikia, "Kadari, wallahi, kadari." Mmoja wao alikuwa ameshapasua dafu la ami anakunywa.

Mwanangu, hapo ndipo damu yangu ilipochemka. Jioni yake nilikusanya vijana wa mtaani twende Junda tukapasue matairi ya pikapu ile. Ami alikuwa amerudishwa nyumbani na plasta mpaka pajani. Akatusikia kupitia dirishani, akaniita.

"Naam, ami."

"Wenda wapi na panga langu la madafu?"

Nikalificha panga nyuma ya mgongo.

"Haki yangu haimo kwenye matairi yake. Imo mdomoni mwake. Lete panga, uketi hapa uninyooshee mto."

Niliketi, lakini sikuelewa. Nilielewa siku walipokuja wageni. Athmani alikuja na mkwewe na wazee wawili wa msikitini, wamebeba sukari na unga wa ngano. Wakakaa mkekani, wakaulizia hali, na mkwe akashika maneno.

"Bakari, ndugu yangu, tumekuja kutaka radhi. Lililotokea ni kadari, na nawe ungalisogea kando kidogo lisingalitokea. Basi sema umesamehe, tusome Fatiha, tunywe kahawa, yaishe."

Mke wa ami, Bi Zuhura, akajibu kutoka ndani, "Kahawa haijachemka." Na sote tulikuwa tukiisikia harufu yake.

Ami alimtazama kijana. "Athmani, uliniona?"

"Mzee, ni kadari tu."

"Kadari niachie mimi ninayelala hapa. Mimi ndiye wa kusema Mungu ameniandikia, nikasubiri na nikashukuru. Wewe usinieleze Mungu alifanya nini. Nieleze wewe ulifanya nini."

"Yakhe Bakari," mkwe akasema, "wamfedhehi kijana wa watu mbele za wazee."

"Nimemuuliza swali dogo. Uliniona, hukuniona?"

Athmani aliinamia mkeka. Ami akawaomba waondoke na sukari yao, kwa heshima, na akawaombea safari njema.

Basi mtaa ukamgeukia ami. Huyu mzee ana moyo mgumu, wakasema. Kijana amekuja na wazee, amekuja na sukari, yeye ataka nini tena? Aliyevunjwa mguu ndiye akawa mkosa. Ami mwenyewe alikuwa amelala na tasbihi yake, hamsemi mtu. Nami nilikuwa namkasirikia hata yeye kwa utulivu ule.

Siku moja baada ya sala ya alasiri, Athmani akaja peke yake, mikono mitupu. Hakukaa.

"Nilikuona, mzee. Nilikuona tangu mbali. Breki zilikuwa nzima. Niliudhika tu, nikasema huyu wa baiskeli ni nani hata asitoke."

Ami aliiweka tasbihi kando. Kisha akasema, "Nimekusamehe, duniani na akhera. Keti." Akapaza sauti, "Bi Zuhura, kahawa."

"Imechemka," akajibu.

Mguu wa ami haukunyooka tena. Aliuza madafu akiwa amekaa nje ya mlango wake mpaka alipofariki, nami nikairithi baiskeli. Siku moja, njia ile ile, nilisikia injini nyuma yangu lakini sikusikia honi. Ilikuwa pikapu ya Athmani, yaja polepole, na nyuma yake msururu wa magari yakimpigia honi yeye na kumtukana mamaye. Kwa mazoea nikapinda kutoka. Athmani akatoa kichwa dirishani. "Kaa hapo hapo. Usitoke."

Sasa wewe, mwanangu, uliyepata gari. Aliye mbele yako juu ya baiskeli hayuko pale kwa hisani yako. Ile ni njia yake kama ilivyo yako, na nyumbani kwake wapo wanaomngoja. Punguza mwendo. Ukishindwa kungoja kidogo nyuma ya mtu mwenye madafu, usijisifu kwangu kwa saumu zako. Na ukimdhuru, usije barazani kwa watu umemtanguliza Mungu mbele ya kosa lako. Sema ulichofanya. Nawe wa baiskeli, shika upande wako, piga kengele, funga mzigo wako vizuri, wala usimtake radhi mtu kwa kuwa umepita njiani.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe unayesoma haya, uendako na urudiko, akupe mkono mwepesi kwenye breki na ulimi mwepesi kwenye kweli, na akufikishe kwako salama pamoja na kila uliyemkuta njiani. Amin.