Msiba Tulioukimbilia

Mwalimu wa shule yetu ya Kinyangiri alitoka Biafra, huko ambako watu wa nchi moja walikuwa wanauana kwa ajili ya kabila. Mji wa kwao ulikuwa umezingirwa miezi mingi. Chakula hakiingii, barua haitoki. Mama yake alikuwa humo ndani. Kila jioni mwalimu alikuja kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mwenye redio pekee kijijini, akasikiliza ameshika tama. Mimi nilikuwa jirani wa mwalimu. Nikimpelekea uji ananiambia, "Mama, leo hawajautaja." Kwake hiyo ilikuwa habari njema.

Siku moja mchana, tukitoka shamba la kijiji na kupita kwa balozi, redio ikasema mji ule umeanguka. Basi! Sisi wanawake wa hapa hatusubiri kuitwa msibani. Mji mzima umekwisha, mama wa watu atapona wapi? Aliyesema hivyo ni mimi, na mdomo wangu huu. Tukabeba unga, kuni na maji, tukakaa chini mbele ya nyumba yake, tukaanza kulia.

Mwalimu akatoka shuleni, akatukuta. Akaketi chini katikati yetu. Alidhani tumepokea barua.

"Iko wapi? Amekufa lini?"

Kuuliza si ujinga, lakini kati yetu hakuna aliyekuwa ameuliza. Nikasema, "Redio imesema mji umeanguka."

Loo! Aliinuka akamwaga ule unga wote, akatufukuza kama kuku. "Mama yangu yuko hai! Mnamlilia mtu aliye hai!" Nami sikunyamaza, nikamwambia hana shukrani. Uji wangu ukakoma siku hiyo.

Barua ilikuja baada ya mavuno. Mama yake alikufa kwa njaa, miezi miwili kabla mji haujaanguka. Mwalimu alikuja mwenyewe mlangoni kwangu, barua mkononi. "Mama, naomba mje tena."

Nikawauliza wakubwa. Wakasema mtu haliliwi mara mbili, msiba wa pili huita mwingine. Ningeweza kwenda peke yangu, nani angenifunga? Sikwenda. Nilikuwa bado na kinyongo cha ule unga, na ninaona aibu kukisema.

Alikaa chini siku tatu, peke yake. Nilikuwa namsikia kutoka jikoni kwangu, akimlilia mama yake kwa lugha ambayo Kinyangiri nzima hakuna aliyeijua.